Nilinunua dola kwa 161, sasa ni 129: niuze ama ningoje?

"Prof, habari ya kazi. Mimi niko na duka la spea za magari Nakuru, mzigo natoa Dubai. Januari 2024 dola ikiwa 161 kila mtu alikuwa anasema itafika 200, basi nikachukua akiba yangu yote, nikaongeza na mkopo wa sako, nikanunua dola. Kufika mwisho wa Machi iko 130 na kitu. Zingine nimelipia mzigo lakini nyingi bado ziko kwa akaunti. Jamaa wa benki aliniambia serikali ilienda kukopa nje kwa riba ya zaidi ya asilimia 10 ndio ikaokoa shilingi. Mpwa wangu yuko chuo anasema Wajerumani wanakopa kwa asilimia 2 kwa hivyo sisi tunaibiwa mchana. Wengine wanasema hiyo 129 ni bei ya kubandikwa tu. Nani hasa anaamua bei ya shilingi yetu? Kwa nini sisi ndio wa kukopeshwa ghali? Na hizi dola nifanye nazo nini?"

Ndugu yangu, pole kwanza. Na usijione mjinga, manake ile foleni ya Januari 2024 ilikuwa na watu wengi sana, hata makampuni makubwa yenye wahasibu wa kila aina walikuwa wanafanya kitu hicho hicho ulichofanya wewe. Hasara yako tuipige hesabu mapema ndio tujue tunaongelea nini. Kila milioni moja uliyobadilisha kwa 161 ilikupa dola kama 6,211, na ukizirudisha kwa 129 unapata elfu 801 hivi. Yaani laki mbili kasoro kidogo imeenda kwa kila milioni, na hapo bado hatujaweka riba ya sako, ambayo nitairudia huko chini kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko hizo dola zenyewe.

Kazi yangu mimi ni jiografia, na watu wakisikia hivyo wananiuliza mito na milima. Sisi wengine tunafuata pesa: inatoka mji gani, inaingia nchi gani, inakaa muda gani, inaondoka kwa sababu gani na nani anaachiwa bili. Ukiiangalia hivyo hii hadithi ya shilingi inaanza kueleweka, manake maamuzi mengi yaliyokugusa wewe na duka lako Nakuru yalifanyika mbali na Nakuru, na mengine yalifanyika Nairobi kabisa, na watu wengi wanashikilia upande mmoja tu.

Tuanze na alichokuambia jamaa wa benki. Ni kweli Februari 2024 Kenya iliuza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5. Riba iliyoandikwa kwenye karatasi ni 9.75, lakini iliuzwa chini kidogo ya thamani yake kwa hivyo gharama halisi ikafika asilimia 10.375. Hapo yuko sawa. Anapokosea ni kusema hiyo ndiyo pesa iliyookoa shilingi. Karibu yote, dola bilioni 1.44, ilitumika kununua mapema sehemu kubwa ya deni lingine, ile Yurobondi ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva tarehe 24 Juni 2024. Dola ziliingia kwa mlango mmoja zikatoka kwa mwingine, hazikukaa hapa kununua shilingi yoyote. (Na jina lisikuchanganye, haina uhusiano na yuro. Ni deni la serikali lililouzwa nje kwa pesa ya kigeni, na letu ni la dola, chini ya sheria za huko nje.)

Kilichobadilika ni hofu. Kumbuka hali ilivyokuwa. Zambia ilishindwa kulipa 2020, Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022, Ethiopia Desemba 2023. Kila mwenye pesa, awe London ama awe River Road pale Nairobi, alikuwa anauliza Kenya itatoa wapi bilioni 2 kwa siku moja ya Juni. Ukiwa na wasiwasi huo unafanya nini? Unashika dola. Muuza chai akilipwa dola zake hazibadilishi, anaziweka. Mwenye kiwanda ananunua dola za miezi sita badala ya mwezi mmoja. Wewe ukachukua mkopo wa sako. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwake mwenyewe na wote pamoja wanaipandisha dola, alafu ikipanda kila mtu anaona kumbe nilikuwa sawa, anaongeza zingine. Ile 161 ndani yake kulikuwa na uhaba wa kweli na pia kulikuwa na woga, na siku Hazina ilipotangaza kwamba deni la Juni limeshapata njia, woga ukaisha kwa siku chache na walioficha dola wakakimbilia kuuza. Wewe ulikuwa umenunua bei ya woga. Hilo ndilo lililokupata.

Lakini kuna kitu cha pili, na hiki ndicho watu hawakiongelei sana na mimi naona ndicho kikubwa. Wiki hiyo hiyo ya Februari serikali iliuza hapa ndani bondi ya miundombinu ya miaka 8.5. Ilitaka bilioni 70 za shilingi. Ikaletewa maombi ya bilioni 288 na zaidi, ikachukua karibu bilioni 241, kwa riba ya asilimia 18.46, na bondi hizo hazitozwi kodi ya riba. Ndani ya kelele hiyo kulikuwa na pesa ya wageni pia. Sasa jiweke kwa viatu vya meneja wa mfuko wa uwekezaji huko London. Tuseme alileta dola 1,000 akabadilisha kwa 150, akapata shilingi 150,000. Mwaka mmoja kwa 18.46 ni kama 177,700. Akizirudisha kuwa dola kwa 129 anaondoka na kama dola 1,377. Faida ya asilimia 37 ya dola, kwa mwaka, kutoka kwa serikali. Alichofanya ni kinyume kabisa cha ulichofanya wewe na mwezi ni karibu ule ule: wewe uliuza shilingi ikiwa chini kabisa, yeye akainunua. Na sio kwamba ana akili kukushinda, yeye ana watu wa kumchambulia na ana pesa ambayo ikipotea nyumbani kwake hakulali mtu njaa.

Kwa hivyo nani alilipia shilingi kupata nguvu? Dola zilizoingia kununua bondi hiyo zilisaidia kuisukuma 161 kuelekea 130, na bei ya kuzialika ilikuwa hiyo 18.46, ambayo inalipwa na Hazina kila miezi sita, na Hazina haina shamba, pesa yake ni kodi. Benki Kuu nayo ilikuwa imepandisha riba yake kutoka 10.5 hadi 12.5 Desemba 2023, ikafika 13 Februari 2024, na mikopo ya benki hapa nchini ikapanda nayo. Miezi minne baadaye tukawa na Mswada wa Fedha wa 2024 uliotaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, vijana wakaingia barabarani, tarehe 25 Juni watu wakauawa, kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Julai, kampuni ya Moody's, inayopima kama nchi zitaweza kulipa madeni, ikashusha daraja la Kenya hadi Caa1, yaani deni lenye hatari kubwa sana, ikieleza kwamba serikali sasa itapunguza deni polepole. Soma hapo tena. Mwananchi akikataa kodi, mpima mikopo anaandika kwamba nchi imekuwa hatari zaidi. Simaanishi vijana walikosea, wala simaanishi Moody's walitunga, namaanisha utulivu wa bei ya dola unaouona kwenye simu yako una mtu anayeulipia mahali pengine, na mara nyingi ni wewe huyo huyo kwa mkono mwingine.

Sasa hiyo 129, je imebandikwa? Sio kubandikwa vile watu wanasema, kwamba kuna afisa anaandika namba asubuhi. Shilingi inauzwa na kununuliwa kati ya benki kila siku. Lakini kuanzia nusu ya pili ya 2024 na mwaka 2025 imekaa 129 kwa unyoofu ambao hata sisi tunaoangalia mambo haya tuliinua nyusi. Maelezo ya kawaida ni kwamba dola zilikuwa zinaingia kwa wingi na Benki Kuu ikawa inazinunua kuweka akiba, ambayo ilivuka dola bilioni 10 ndani ya 2025. Benki Kuu ikinunua dola zinazobaki, shilingi haipati nguvu zaidi. Ikiuza, haishuki haraka. Wao husema wanapunguza tu mitikisiko. Mimi naona ni zaidi kidogo ya hapo, ila sioni ubaya mkubwa ndani yake, ubaya tuliuona 2022 na mwanzo wa 2023, wakati bei ya Benki Kuu ilikuwa inasema kitu kimoja na ukienda benki dola hakuna, ama unauziwa kwa bei nyingine kabisa. Wewe kama mwagizaji unakumbuka. Machi 2023 Benki Kuu ikatoa kanuni mpya za soko la benki kwa benki, na mwezi huo huo serikali ikasaini mpango wa kuletewa mafuta kwa mkopo wa siku 180 na makampuni ya Saudia na Imarati ili wauza mafuta wasigombanie dola kila mwezi. Mpango huo uliahirisha mahitaji ya dola, haukuyafuta.

Alafu usisahau dola zinazotumwa na watu wetu walioko nje. Mwaka 2024 walituma karibu dola bilioni 4.9, kuliko chai, kuliko maua. Muuguzi Marekani na dada anayefanya kazi za nyumbani Saudia wanaishikilia hii shilingi kuliko Yurobondi yoyote, na hizo hazidai riba.

Haya, mpwa wako. Ana haki ya kuuliza, na hilo swali lake ndilo wenzangu wengi wametumia miaka kulichunguza, lakini "tunaibiwa" ni jibu la haraka mno. Riba ya nchi ikikopa nje ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mkopeshaji angepata akikaa tu nyumbani na kuikopesha serikali ya Marekani. Ya pili ni nyongeza anayodai kwa sababu wewe sio Marekani. Februari 2024 ile ya kwanza ilikuwa kama asilimia 4 na kitu kwa miaka kumi. Miaka miwili nyuma ilikuwa chini ya nusu ya hapo, lakini Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba yake kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya 5 Julai 2023, kupigana na mfumuko wa bei wa kwao. Hakuna mtu Washington aliyeuliza Nairobi inaonaje.

Na hapa nataka umwonyeshe mpwa wako hesabu moja. Mwaka 2014 Kenya ilipouza Yurobondi yake ya kwanza, deni lote la taifa lilikuwa takriban shilingi trilioni 2.4, na ya miaka kumi ikalipa 6.875. Mwaka 2021 deni lilikuwa limefika kama trilioni 7.7, zaidi ya mara tatu, korona imetupiga, na bado Kenya ikauza bondi ya dola bilioni 1 ya miaka 12 kwa 6.3. Deni limepanda mara tatu na riba imeshuka! Kama bei ya mkopo ingekuwa inapima tu tabia ya mkopaji, hiyo haiwezekani. Ilishuka kwa sababu 2021 pesa huko Marekani na Ulaya ilikuwa haina pa kwenda, wenye mifuko walikuwa wanatafuta popote penye asilimia 6. Pesa ikiwa nyingi huko, sisi tunaonekana wazuri. Ikiwa chache, tunaonekana hatari, na sisi ni wale wale.

Ujerumani yenyewe inakopa kwa yuro, pesa ambayo inatoka kwa benki kuu ya umoja wao wenyewe, na bondi zake benki za Ulaya nzima zinazitumia kama dhamana ya kukopeshana. Mtu ananunua bondi ya Ujerumani hata kama haimpi faida, kwa sababu inamfaa kwa mambo mengine. Bondi ya Kenya hainunuliwi na mtu kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa riba. Ndio maana sisi wa jiografia tunasema pesa za nchi zimepangwa kwa ngazi, dola juu kabisa, alafu yuro na yeni na wengine, na sisi huku chini, na nchi iliyo chini lazima imlipe mtu ndio akubali kushika pesa yake. Ngazi hiyo ina historia, ya ukoloni na ya biashara, haikuwekwa na Mungu, lakini huipandi kwa bajeti moja nzuri.

Ila mpwa wako asikimbie na hilo akaacha lingine. Januari 2024, wiki chache tu kabla yetu, Ivory Coast iliuza bondi zake za dola, moja kwa 7.875 na nyingine kwa 8.5. Benin, nchi ndogo kuliko sisi, Februari hiyo hiyo ikapata kwa 8.375. Dunia ni ile ile, Benki Kuu ya Marekani ni ile ile, na wote ni Waafrika, sisi tukalipa asilimia 10.375. Hiyo tofauti ya karibu mbili sio ya Washington, na pia sio ya ubaguzi dhidi ya Afrika. Hiyo ni ya kwetu: kukopa dola kwa miradi isiyoleta dola, kuacha deni la bilioni 2 livimbe hadi mwaka wa mwisho bila mpango, na kuwaambia wakopeshaji leo hili kesho lile. Kuna ripoti ya shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa ya 2023 iliyokadiria kwamba upimaji wenye upendeleo wa kampuni za mikopo umeigharimu Afrika dola bilioni 74.5. Naamini upendeleo upo, hesabu yenyewe watu wanaibishania, na viongozi wetu wanaipenda sana kwa sababu inawapa mahali pa kuficha ile mbili yao.

Na sio Yurobondi peke yake. Reli ya SGR, sehemu ya mkopo wa 2014 kutoka benki ya Exim ya China, kama dola bilioni 1.6, ilikuwa inafuata riba ya dola ya soko la London inayopanda na kushuka, ukiongeza asilimia 3.6 juu. Marekani ilipopandisha, treni ya Mombasa ilipanda bei hata ikiwa imelala stesheni. Oktoba 2025 serikali ikasema imebadilisha mikopo hiyo ya reli kutoka dola kuwa yuani na itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka. Kwa riba ni nafuu ya kweli. Lakini yuani nayo hatuichapishi.

Utaniuliza, basi si tukope kwa shilingi zetu tu? Afrika Kusini ndivyo ilivyo, deni lake karibu lote ni la randi, na wamejikinga na mengi kwa njia hiyo. Shida ni kwamba wageni wakawa wanashika zaidi ya asilimia 40 ya bondi hizo kufikia 2018, na korona ilipoingia Machi 2020 wakauza kwa pamoja, randi ikaenda hadi karibu 19 kwa dola. Deni liko kwa pesa yako lakini mlango wa kutokea uko kwao. Brazil walijaribu njia nyingine, Oktoba 2009 wakaweka kodi ya asilimia 2 kwa pesa ya wageni inayoingia kucheza na riba, mwaka uliofuata wakaifikisha 6 kwa bondi. Ilipunguza kasi. Lakini 2013 Marekani ilipodokeza tu kwamba itakaza, wageni wakaanza kutoka, Brazil ikaifuta kodi yenyewe mwezi Juni ikiwabembeleza, na kufika 2015 pesa yao, reali, ilikuwa imepoteza kama nusu ya thamani. Ninachochukua hapo ni kwamba serikali ina nguvu, na wakati wa kuitumia ni pesa ikiwa inaingia, wakati ambapo hakuna anayetaka kusikia habari za breki. Februari 2024 hakuna mtu Nairobi angekubali kuwatoza wale wa 18.46 hata nusu asilimia. Walikuwa wanaombewa waje. Kama uko na ndugu Tanzania watakuambia wao hawajauza Yurobondi kama zetu na uhaba wa dola wa 2023 uliwapata vile vile, kwa hivyo kutokukopa huko hakukutoi kwenye ile ngazi ya pesa.

Sasa dola zako. Sitakuambia itafika ngapi. Anayekuambia anajua, muulize Januari 2024 alisema nini.

Swali ambalo ningekuwekea mbele badala ya "itapanda ama itashuka" ni hili: matumizi yako ni ya pesa gani? Mzigo unalipia Dubai, na hata kama muuzaji anakutajia bei kwa dirham, dirham ni dola iliyovaa kanzu, imefungwa 3.6725 kwa dola tangu 1997. Kwa hivyo sehemu ya pesa yako inafaa kweli kuwa dola, hiyo sio kamari. Angalia ankara zako, uone kwa miezi mitatu hadi sita unalipa nje kiasi gani, kiasi hicho kiache kwa dola na usikiguse hata kama bei inacheza. Kile kinachozidi hapo ndicho umekuwa ukibeti nacho. Kodi ya duka, mishahara, karo, chakula, hivyo vyote ni shilingi, na kuviwekea dola ni kubeba hatari usiyolipwa.

Na katika hicho kinachozidi, kitu cha kwanza kabisa ni ule mkopo wa sako. Sako nyingi hutoza kama asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Dola zako zimekaa kwa akaunti zinazaa karibu hakuna kitu. Ili ufaidike kungoja, dola ingehitaji kupanda zaidi ya riba hiyo kila mwaka, na imekaa mahali pamoja wakati wewe unaendelea kulipa. Najua inauma kuuza kwa 129 kitu ulichonunua 161, unaona ni kama unaikubali hasara. Hasara ilishatokea Machi 2024. Dola haijui uliinunua ngapi. Jiulize tu: kama leo ningekuwa na shilingi hizi mkononi, ningeenda kununua dola huku nikiacha deni la sako likinitafuna? Kama jibu ni hapana, basi uza kiasi cha kulimaliza ama kulipunguza sana. Kama roho inakataa, uza kwa mafungu, theluthi sasa, theluthi baada ya miezi miwili, haitakupa bei bora lakini itakupa usingizi.

Kikibaki kitu baada ya hapo, dhamana za serikali za muda mfupi sasa unaweza kununua mwenyewe kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, kuanzia shilingi 50,000. Usitarajie zile riba za 2024, za siku 91 zilikuwa karibu 16 na ndani ya 2025 zikashuka hadi kama 8, na kuna kodi ya asilimia 15 inakatwa kwenye riba. Bondi za miundombinu hazikatwi, lakini pesa inafungwa miaka mingi, na ukitaka kutoka mapema unauza sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini. Kwa mtu wa biashara anayehitaji mzigo kila mwezi mimi singekuwa na haraka na bondi ndefu. Na nikuambie ukweli wa upande mwingine pia: kuna sababu za kuogopa shilingi. Deni la taifa lilifika karibu trilioni 11.8 Juni 2025, na ukame mmoja mbaya ama Marekani kupandisha riba tena kunaweza kurudisha ile hofu. Ndio maana sikuambii uuze zote.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kumaliza. Nenda sako yako, ukutane na afisa wa mikopo uso kwa uso, kabla hujachelewesha hata mwezi mmoja, umwombe akupigie hesabu ya kumaliza deni mapema na uulize kama kuna faini. Kama hicho kiasi ni kikubwa kuliko unavyoweza kupoteza, tafuta mshauri wa uwekezaji mwenye leseni, na leseni yenyewe usionyeshwe kwenye simu, ihakikishe kwa orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wale wa magrupu ya kukutumia ishara za kununua na kuuza dola kwa ada ya kila mwezi, waache kabisa. Angalia pia akaunti yako ya dola iko benki gani, bima ya amana inalipa hadi shilingi 500,000 tu benki ikifungwa, jumla ya akaunti zako zote kwenye benki hiyo.

Alafu muone mtu wa dawati la fedha za kigeni kwenye benki yako, sio yule wa kaunta. Wanauza mkataba wa kukufungia bei leo kwa dola utakazozihitaji baada ya miezi miwili ama mitatu. Una gharama yake, na kwa oda ndogo huenda hawatakuchangamkia, lakini kwa mzigo wa kontena zima unaweza kukuondolea hii habari ya kununua dola za mwaka mzima kwa siku moja kwa sababu watu wamesema zitafika 200. Beba ankara zako za mwaka mzima, muulize bei ya kufunga miezi mitatu, na ukipata bei hiyo ipeleke benki ya pili kabla hujasaini.